Ngumi za hewani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, tafakari ya wiki hii imechelewa mnisamehe, mapaja yananiuma mpaka kukaa kwenye kiti ni shughuli, na hayohayo mapaja ndo yaliyonipa neno la leo.

Wengi mnajua naenda karate Jumanne na Alhamisi jioni, tunafanyia kwenye ukumbi mmoja wa sherehe, sakafu ya simenti, feni moja, viti vya plastiki vya harusi ya Jumamosi vimepandana pembeni. (Kuna mpendwa aliniuliza kama kule kuinama kabla ya mazoezi si kuabudu, jamani ile ni salamu tu, kama sisi na shikamoo yetu, tuendelee.) Mwaka jana nilifeli mtihani wa mkanda. Na nilifelishwa na kata ya kwanza kabisa, Heian Shodan, ambayo watoto wa darasa la tatu wanaimaliza huku wanacheka. Kwa wasiojua, kata ni mfululizo wa kukinga na kupiga ambao unaufanya peke yako, mbele yako hakuna mtu, na hii ina hatua 21 tu, nami nilizikariri zote, sikuruka hata moja, ndo maana iliniuma sana. Sensei, yaani mwalimu wetu, akaniita pembeni akaniuliza, ile ngumi ya kwanza ulikuwa unampiga nani? Nikamwambia simpigi mtu sensei, si hakuna mtu. Akasema, basi hicho ndo nilichokiona, rudi mstarini.

Nilirudi nyumbani nimenuna, na usiku nikakutana na Paulo kwenye 1 Wakorintho 9:26, "napigana ngumi vivyo hivyo, si kama apigaye hewa." Nikacheka peke yangu kitandani. Wakorintho walikuwa wanamwelewa vizuri kabisa, maana michezo mikubwa ya Isthmia ilikuwa inafanyika jirani na mji wao kila baada ya miaka miwili, mabondia wanazungushia mikono kamba za ngozi, wanapigana mpaka mmoja asalimu amri, na mshindi anavikwa taji la majani ambalo baada ya muda linakauka.

Sasa mimi nikabaki na swali. Karate nzima si kupiga hewa? Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule wa Okinawa, kisiwa cha Japani, ambaye mwaka 1922 alienda Tokyo kuonyesha karate na akaishia kuifundisha hukohuko, alitumia kama miaka kumi kwenye kata tatu za Tekki peke yake, na usiku uani kwa mwalimu wake Azato alikuwa anarudia kitu kilekile miezi na miezi mwalimu amekaa anamwangalia. Miaka kumi ya kupiga hewa! Lakini yule mtu hakupoteza muda hata kidogo, na mimi nimeipiga hewa hiyohiyo mwaka mmoja nikatoka mtupu.

Jibu liko mstari unaofuata wapendwa, tatizo letu huwa tunaishia njiani. Paulo hasemi anampiga shetani, wala hasemi anawapiga wale waliokuwa wanamsema vibaya pale Korintho, anasema "nautesa mwili wangu na kuutumikisha", na neno alilotumia kwa Kigiriki ni la bondia, ni kumpiga mtu chini ya jicho mpaka pavimbe. Kumbe mpinzani alikuwepo ukumbini muda wote, tena amevaa gi yangu, yale mavazi ya karate.

Ndipo nikaanza kujikagua na mambo mengine ninayojisifia uvumilivu. Kibubu kwa mfano, nadunduliza kila siku, safi, ila juu yake sikuandika ni cha nini, ulipokuja mchango wa harusi mwezi wa nne nikachokoa noti na kisu cha jikoni wala roho haikunisuta. Cha sasa hivi nimekiandika kwa maka peni, CHEREHANI YA MAMA, na kisu kimeshafika mezani mara mbili kikarudi kabatini.

Lakini lililonichoma ni daftari la maombi. Saa kumi na moja alfajiri sikosi, nina mwaka wa tatu sasa, na nikiri huwa nawaambia watu hiyo miaka mitatu kwa kujidai kidogo. Nina majina ishirini na kitu mle, na nikiwa mkweli nayapita kama mwalimu anayeita rejista, fulani, fulani, amina, dakika nne nimemaliza naenda kubandika chai. Jumatatu nikasema hapana, leo kila jina nasimama mpaka nimwone mtu mwenyewe, uso wake, shida yake, namwombea kitu kinachoeleweka.

Jina la kwanza lilienda vizuri. La pili ni dada mmoja wa kwaya, nikagundua sijui hata mwanae alishatoka hospitali au la, ikabidi nimpigie simu kulivyokucha (ametoka, Mungu ni mwema). Nikaenda hivyo hivyo mpaka la saba.

La saba ni ndugu yangu wa tumbo moja ambaye hatujaongea tangu arobaini ya baba. Miaka mitatu nimelitaja jina lake kila alfajiri. Juzi nilipouona uso wake nikafunga daftari, jana vilevile, leo nimekaa naye kama nusu saa, chai imekauka jikoni, la nane bado sijalifikia.

Mniombee wapendwa. Kesho saa kumi na moja naanzia hapo, la saba, na jioni nipo ukumbini, Heian Shodan ileile.