Muhuri wa Mtendaji

Kutoka Kondoa nilipewa kile kiti cha kukunjua cha katikati ya Kosta, chenye egemeo lililokatika, na nauli nikalipa sawa na waliokaa dirishani. Ya msiba wa shangazi yaliyonipeleka huko nayaacha. Ninayeandika habari zake ni mzee aliyepandia Haneti.

Alikuwa na kijana wake aliyemaliza kidato cha sita. Kijana alifungia bahasha ya kaki ndani ya shati isiingie vumbi. Upepo wa Agosti wa Dodoma unajulikana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Unaifahamu vizuri Dodoma mjini? Tunatafuta steshenari."

Nikauliza ya nini. Ni maombi ya mkopo wa chuo. Hii ilikuwa safari yao ya pili. Ya kwanza walikwenda kujaza fomu kwenye mtandao na kuichapa, kwa kuwa kijijini kwao, mwendo wa baiskeli kutoka Haneti, hakuna kompyuta wala printa. Wakarudi kutafuta saini ya mdhamini na ya serikali ya kijiji. Sasa wanaipeleka ikaskaniwe na kupandishwa. Ada ya maombi, shilingi 30,000, mzee aliipata kwa kuuza alizeti kabla bei haijapanda. Dirisha la maombi lilibakiza siku nne kufungwa.

Treni yangu ya Dar ilikuwa ya jioni, nikawasindikiza.

Steshenarini kijana wa kompyuta alifunua karatasi moja moja. Cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa. Kitambulisho cha NIDA cha mdhamini kipo. Wakili kagonga. Akafika ukurasa wa kijiji, akausogeza karibu na macho.

"Mzee, hapa mtendaji kasaini tu. Muhuri uko wapi?"

Mzee akaichukua ile karatasi, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. "Alisema mhuri umekwenda kwenye kikao, saini inatosha."

Nilimsihi yule kijana aipandishe hivyohivyo. Akasema itarudishwa, na alisema kweli. Mpwa wangu pale Sinza, Dar, alijaza fomu kama hiyo mwaka jana. Aliichapa dukani chini ya nyumba, akavuka barabara kwa mtendaji wa mtaa, wakili akamkuta mtaa wa pili. Kabla ya chakula cha mchana alishamaliza, na tulimsifu kwa bidii. Bidii gani? Huyu wa Haneti ana daraja la kwanza, kasoma kwa taa ya sola, na muhuri mmoja unamdai nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, kisha kwenda tena. Nilikasirika mpaka mikono ikatetemeka.

Niliwapa nauli. Mzee alikataa mara mbili, ya tatu akapokea kwa mikono miwili.

Nje, kijana akairudisha bahasha ndani ya shati. "Mama, Chuo Kikuu cha Dodoma kiko upande gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Baba yake alikuwa ameshatangulia kuulizia gari la Haneti.