Chumba cha mzazi na mwanawe, kwa kipimo cha 1 kwa 12

Vitu vya nyumba ya mwanasesere huharibikia kwenye unene, si kwenye urefu. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, ndicho kilichojengewa nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary iliyoko Windsor, Uingereza, iliyomalizika 1924. Hesabu yake nyepesi: sm 12 za kweli ni sm 1 ya kazi. Kitanda cha mtoto cha sm 120 kwa 60 kinakuwa sm 10 kwa 5. Kanga ya sm 150 kwa 110 inakuwa mm 125 kwa 92. Lakini uzi wa kanga haupungui kwa hesabu. Kata kipande cha kanga halisi, kitandike juu ya kitanda hicho, na kitasimama kama turubai. Kwa hiyo kila kitu hapa chini kimechaguliwa kwa wembamba wake kwanza, rangi baadaye.

Chumba chenyewe ni cha Unguja au Pemba, basi ni chumba cha mzazi aliye ndani ya arobaini, yaani siku arobaini baada ya kujifungua: chandarua, mkeka, kanga za kumfunika mtoto, beseni la kumkogeshea, chetezo cha udi. Kitanda kidogo cha fito ni cha kuongeza tu, ila ndicho chenye vipimo vikali, tuanze nacho.

Mifumbati ni vijiti vya aiskrimu vilivyopasuliwa katikati kwa urefu, upana mm 5. Kwa matendegu, gundisha vijiti viwili pamoja, kisha kata upana wa mm 5 vilevile. Fito ni vijiti vya kuchokolea meno, vyenye unene wa mm 2. Ubavu wa mm 100 ukitoa matendegu mawili unabaki mm 90, na hapo zinaingia fito 13 zenye nafasi ya mm 4.6 hivi. Usizidishe mm 5: nafasi ya mm 6 ni sm 7 za kweli, na kitanda kitaonekana cha hatari hata kwa asiyejua kwa nini. Kata ncha zilizochongoka ubaki na mm 45. Usikate kwa koleo, maana huponda nyuzi za mti. Bingirisha kijiti chini ya kisu kikali mpaka kikatike chenyewe. Chora ubavu mzima kwenye karatasi ya grafu, funika mchoro kwa selotepu ili gundi isishike, na panga fito juu yake.

Paka rangi kabla ya kugundisha. Kahawa nzito isiyo na sukari hutoa rangi nzuri ya mbao, lakini palipogusa gundi hapanywi kitu, na doa jeupe litabaki. Gundi iwe ile nyeupe ya mbao. Supaglu ni adui wa visiwani: hewa ikiwa na unyevu, hasa masika, mvuke wake huacha ukungu mweupe kuzunguka kiungo.

Chandarua wengi hukikata kutoka kwenye chandarua chakavu. Tundu la mm 2 kwa kipimo hiki ni kama sm 2.4, mbu anapita na ndugu zake wote. Soksi ndefu ya nailoni nyeupe ndiyo inayofaa. Ivute juu ya chupa iliyofungwa mfuko wa plastiki, panga mikunjo kwa vidole, paka gundi iliyozimuliwa kwa maji (gundi 1, maji 4) na iache ikauke usiku kucha.

Mkeka ndio kazi yenyewe. Chukua ukindu (majani ya mkindu) mchanga uliokwisha kuanikwa ukawa mweupe. Chomeka sindano mbili kwenye kipande cha mpira, mm 1 baina yao, na uburure jani juu ya ncha zake kufuata mishipa. Chane zitatoka za upana mmoja. Mkeka wa mtoto wa sm 90 kwa 60 ni mm 75 kwa 50, yaani chane 50 za urefu na 75 za kukingama. Usijaribu kusuka ukili (ukanda mwembamba) ukaushona, kwa sababu mshono utakuwa mnene kuliko mkeka. Suka moja juu, moja chini, mkeka mzima kwa pamoja, na uziloweshe chane kidogo tu, zisije zikavunjika. Ukindu uliolowa maji hunywea ukikauka, na mkeka uliokaza jioni asubuhi una mianya. Subiri ukauke, sukuma chane kwa bapa la kisu zikaribiane, ndipo upake gundi iliyozimuliwa kingo za upande wa chini na kuuweka chini ya kitabu kizito. Chane za rangi chache kila upande zinatosha kuonyesha kuwa ni mkeka wa kwetu.

Kanga ifanye kwa melimeli au leso nyembamba ya mkononi iliyofuliwa mara nyingi. Pindo lichorwe kwa kalamu ya kitambaa, upana wa mm 14 hivi. Jina, yaani maneno ya kanga, liandikwe kwa kalamu yenye ncha nyembamba kuliko zote. Usikunje upindo, ziba kingo kwa gundi nyepesi.

Mto wa mm 25 kwa 17 ujazwe sufi, kidogo kuliko unavyodhani. Godoro la sufi tupu huelea juu ya kitanda bila uzito, kwa hiyo tia kijiko cha mchanga laini ndani yake. Mchanga wa pwani uoshwe kwa maji baridi mara kadhaa na ukaushwe juani, kwani chumvi huvuta unyevu na kitambaa kitapiga madoa.

Beseni ni kizibo cha chupa ya maji: mm 30 ni sm 36 za kweli. Kipunguze hadi kimo cha mm 10, piga msasa mistari ya nje iondoke. Chetezo ni ushanga wa mm 6 juu ya kifungo kidogo cha shati, rangi ya udongo, na chembe ya mkaa ndani. Vitu vya ukubwa huu watoto walio chini ya miaka 3 huvitia mdomoni na vinaweza kuwakaba, basi nyumba ikae juu ya kabati ambako hawafiki.