Breki ya mafuta ikilegea, usikimbilie kutoa upepo

Umenunua baiskeli ya mtumba Kampala, ina breki za diski za mafuta, na mkono wa breki unaingia hadi kugusa usukani. Mafundi wengi watakuambia: ina upepo ndani ya mafuta. Huenda ni kweli. Lakini baiskeli iliyokula vumbi jekundu miaka mingi, mimi naanza na pistoni, zile zinazosukuma pedi zibane diski.

Inama uangalie kalipa, kile kibanio chenye pistoni na pedi, kwa juu huku ukibana taratibu. Pedi moja ikisogea na nyingine ikakaa, diski itasukumwa upande mmoja na kupinda. Kupinda huko ndiko kunakofanya breki iwe laini mkononi kana kwamba ina upepo. Utabadilisha mafuta mara tatu bila kupona.

Toa gurudumu na pedi. Zuia pistoni nyepesi, ile inayosogea, kwa kipande cha plastiki, bana polepole hadi ile nzito itokeze milimita 2 hivi. Usizidishe, itachomoka. Isafishe kingo kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili, paka tone la mafuta yaleyale ya breki hiyo, kisha irudishe kwa plastiki. Bisibisi hapana: pistoni nyingine ni za kauri, hupasuka. Rudia mara nne au tano. Pedi ikibaki na nyama ya milimita 0.5, badilisha.

Rudisha pedi na gurudumu, sasa pima. Ukipampu haraka mkono ukawa mgumu, hapo upepo upo kweli. Ukibana na kushikilia, ukazama polepole, mafuta yanapita kwenye sili ya juu, ule mpira wa kuzuia mafuta ndani ya mkono, au yanavuja mahali. Kutoa upepo hakutasaidia.

Kuhusu mafuta nasisitiza sana. Shimano, Tektro na Magura hutumia mafuta ya madini. Hope, na SRAM nyingi za zamani, hutumia DOT. Mafuta ya breki ya bodaboda ni DOT, yako kila duka la spea, na ndiyo yanayoua Shimano: sili huvimba, pistoni hukwama, na breki nzima huwa ya kutupa. Soma kifuniko cha tangi dogo kwenye mkono kabla ya kufungua chupa yoyote.

Pedi iliyolowa mafuta hupiga kelele na haishiki. Kuichoma jikoni hakuirudishi. Nunua mpya, futa diski kwa alkoholi ileile, kisha kimbiza baiskeli kwenye tambarare na uipunguze mwendo hadi wa miguu, bila kufunga gurudumu, mara 20 hivi kabla ya kuteremka kilima cha Kololo.