Mradi wetu wa mayatima Micheweni: dakhalia (bweni la watoto) tumeifuta

Asalaam alaykum jamani. Kwa wasiojua, mie mzaliwa wa Micheweni, nafanya kazi Maskati mwaka wa 11 huu, na mwaka jana tulikaa Wapemba sita tulioko kule tukakubaliana kuchanga kila mwezi tujenge nyumba na skuli ya mayatima kwetu. Sasa nipo Pemba kwa likizo ya wiki tano nimekuja kuiona kazi kwa macho yangu.

Naanza na lililoniuma. Ukuta wa upande wa kibla tumeuvunja. Fundi wa mwanzo alichota mchanga wa pwani akafyatulia matofali, na mchanga ule una chumvi, chumvi inavuta unyevu halafu inakula nondo humo ndani, masika yalipomalizika tu plasta ikawa ukiigusa inabaki mkononi. Matofali 900 yamekwenda hivyo na usiku ule sikulala, maana ile ni pesa ya watu wanaosimama juani Maskati. Haya mapya ni mchanga wa kuchimba, tumelipia kibali, na tunayamwagia maji asubuhi na jioni siku saba ndo yanajengewa.

Lakini kubwa ni la dakhalia. Ramani yetu ilikuwa na dakhalia ya watoto 40. Sheha kaniita kwake baada ya laasiri akaniuliza, "Mwanangu, hao arubaini watalala kwako kwa nini, wametupwa?" Nikamwonyesha orodha, majina 37. Akasema basi waite wenyewe. Tukakaa barazani na wamama na mabibi, tukaenda jina kwa jina. Kwetu mtoto akifiwa na baba ndo yatima hata kama mamake yupo, na sisi kule Maskati tuliposikia yatima tukawaza mtoto asiye na mtu kabisa. Katika 37, watoto 31 wana mama zao, 4 wako kwa bibi au shangazi, wawili tu, ndugu, ndo hawana wa kuwashika. Mama mmoja anayeuza vitumbua akaniambia, "Mie sikushindwa na mwanangu, nimeshindwa na sare na madaftari. Ukimlaza kwako mie n'takuwa nani kwake?" Sikuwa na jawabu.

Kesho yake nikapanda gari hadi Wete kwa watu wa ustawi wa jamii, na wamenifunza mengi. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inaitambua kafala, na hata mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za mtoto wa 1989 umeitaja kifungu cha 20. Kwa kafala, mtoto analelewa nyumbani kwa watu kama wa kwao ila jina la babake linabaki lile lile. Mwalimu wa chuo cha Kurani na mkewe wameshaomba wawachukue wale ndugu wote wawili, pamoja, bila kuwatenganisha, karatasi zinaendelea.

Wenzangu wawili Maskati wamekasirika, walishawaahidi watu nyumba ya watoto 40. Nawaelewa, lakini nimewaambia wazi kwamba pesa ya vitanda mimi siitii saini. Iende kwenye sare, madaftari, chakula cha mchana, na madarasa manne ya maandalizi na msingi, mtoto asome halafu alale kwa mamake.

Kazi yenyewe imefika linta, nataka mabati yapande kabla ya vuli.

Jana jioni wale ndugu walikuja na ndoo wakawa wanatusaidia kumwagia matofali. Mdogo akaniuliza chumba chake kipi. Nikamwonyesha darasa la mwanzo. Akasema, "Si hicho, cha kulala." Kumbe kuna mtu alishamwambia. Nikaweka ndoo chini, nikakaa nae juu ya matofali, nikaanza kumweleza habari ya mwalimu na mkewe.