Vyumba vitano, baiti 184: nilivyozifanya programu tatu zisome namba zilezile

Kwenye ghala la samaki ninalolihudumia hapa Mwanza kuna vyumba vitano vya baridi, na kila kimoja kina kihisi cha joto na swichi ndogo mlangoni. Nyaya zote zinaishia kwenye Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, iliyofungwa ukutani nyuma ya ofisi ya msimamizi. Programu moja inakusanya vipimo mara tano kwa sekunde, ya pili inavionyesha kwenye skrini, ya tatu inapiga king'ora. Nilizitenganisha makusudi, ili skrini ikiganda king'ora kiendelee na kazi.

Shida ikawa namna ya kuzipa zote tatu namba zilezile. Mwanzoni mkusanyaji, yaani ile programu ya kwanza, alikuwa anaandika faili la JSON (maandishi ya kawaida yaliyopangwa ili programu ziyasome), wenzake wanalisoma. Mara mojamoja msomaji alilikuta faili limeandikwa nusu, akaanguka. Nikatibu kwa njia inayojulikana: andika faili jipya pembeni, kisha libadilishe jina lichukue nafasi ya lile la zamani. Mabadiliko hayo hutokea kwa mkupuo, hakuna anayeona nusu. Dawa ilifanya kazi, siwezi kuisema vibaya. Ila nilikuwa naisugua memori kadi, ambako Pi huhifadhi mafaili yake, mara tano kila sekunde, usiku na mchana, na ilipokufa kadi ya pili nikaona bora nihame.

Nilihamia kwenye mmap. Unaiomba Linux, mfumo unaoendesha Pi, iliweke faili ndani ya kumbukumbu ya programu yako, halafu unalishika kama safu ya baiti: unaandika nafasi ya 64, unasoma nafasi ya 72, basi. Programu nyingine ikiomba faili hilohilo kwa ramani ya pamoja, zote mbili zinagusa kurasa zilezile za kumbukumbu, yaani vipande vilevile. Hakuna kutumiana ujumbe; mmoja akiandika, mwenzake anaona. Faili lenyewe nililiweka /dev/shm, ambako kila kitu kinakaa kwenye kumbukumbu, kwa hiyo memori kadi haisuguliwi tena.

Mpangilio niliuchora kwenye karatasi kwanza. Kichwa cha baiti 64, kisha kila chumba baiti 24: nane za muda, nane za joto, nne za mlango, na nne nilizoziacha wazi. Jumla 184. Ukurasa mmoja wa kumbukumbu kwenye mashine hiyo ni baiti 4096, kwa hiyo nikatengeneza faili la ukubwa huo, na nafasi ya kupangisha ikabaki.

Siku ya kwanza kila nilipomwasha upya mkusanyaji, skrini ilikufa. Python, lugha niliyoandikia programu hizi, haikutoa hata mstari mmoja wa kosa. Programu ilitoweka tu. Nilipekua waya, nikapekua umeme, kumbe kosa lilikuwa mstari wangu wa kwanza kabisa: nilifungua faili kwa hali ya "w", ambayo hulifuta mpaka baiti sifuri. Baada ya hapo mkusanyaji alisubiri vihisi kama sekunde mbili ndipo alirudishie ukubwa wake. Katika sekunde hizo msomaji aligusa ukurasa ambao nyuma yake hapakuwa na faili tena, na Linux ikamuua kwa SIGBUS, ishara inayotumwa kwa programu iliyogusa kumbukumbu isiyo na kitu nyuma yake. Sasa faili linafunguliwa bila kufutwa, na linaongezwa ukubwa pale tu likiwa fupi.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi kuliona. Chumba cha tatu kilionyesha mlango wazi pamoja na joto la kabla haujafunguliwa. Msomaji alikuwa ameingia katikati ya maandishi. Nikaweka namba ya zamu kwenye kichwa: mkusanyaji anaiongeza moja kabla ya kuandika, ikawa witiri, na moja tena akimaliza, ikawa shufwa. Msomaji akikuta witiri anasubiri kidogo. Akikuta shufwa ananakili zote 184, kisha anaitazama namba tena. Ikiwa imebadilika, anatupa alichonakili na kurudia. Nimempa majaribio 50 tu, maana mkusanyaji akifa katikati namba itabaki witiri milele na msomaji atazunguka humo mpaka kesho.

Kwenye kompyuta yangu ya mezani hilo lilitosha. Lakini prosesa ya Raspberry Pi ni ya aina ya ARM, na ARM haiahidi kwamba kiini kingine cha prosesa kitaona maandishi kwa mfuatano uleule yalivyoandikwa. Ningekuwa naandika kwa lugha ya C ningeweka vizuizi vya kumbukumbu, yaani amri zinazolazimisha mfuatano huo. Kwa Python nikachagua njia ya mkulima: mkusanyaji anapiga CRC32, namba ya uhakiki inayobadilika data ikibadilika, ya data yote pamoja na zamu, anaiweka kwenye kichwa, na msomaji anaihakiki. Isipolingana, anarudia.

Lililonitia hofu kweli ni hili. Mkusanyaji akifa, namba zake hazifi naye. Faili linabaki na -19 safi kwa vyumba vyote, na skrini inaendelea kuionyesha huku samaki wanayeyuka. Ndiyo maana kila chumba kina muda wake: kipimo kikizidi sekunde tano, skrini inaweka mistari badala ya namba na king'ora kinalia. Muda huo nao mwanzoni niliuchukua kwenye saa ya kawaida, nikajuta umeme ulipokatika. Pi 4 haina saa yenye betri; inawaka na saa ya zamani, inapata intaneti, inaruka mbele, na vipimo vilivyoandikwa kabla ya kuruka vinaonekana vimechacha ghafla, mpaka nikadhani vihisi vimekufa. Sasa natumia saa inayohesabu tangu mashine iwake, ambayo programu zote tatu zinaiona sawa.

Njia hii ni ya mashine moja tu. Faili likiwa kwenye diski ya mtandao, usitarajie kompyuta ya pili itaona mabadiliko papo hapo. Huko tumia soketi, njia ya programu kutumiana ujumbe kupitia mtandao.

Juzi nilimuua mkusanyaji kwa makusudi ili nijaribu. Sekunde tano, mistari ikatokea. Msimamizi akatoa kichwa dirishani.

"Kijana, mbona namba zimekimbia?"

"Shikamoo mzee. Ni mimi, najaribu."

"Marahaba. Basi hiyo mistari iandike kwa rangi nyekundu, mimi nilidhani skrini imepasuka."