Nyumba ya fito na udongo inayolindwa na sheria Ujerumani

Ndugu zangu, mkipata nafasi ya kutembea Ujerumani msiishie Berlin. Pandeni treni mpaka Quedlinburg, mji mdogo kando ya milima ya Harz, muulizie Wordgasse namba 3. Ni nyumba ya karne ya 14. Watu waliishi humo hadi miaka ya 1960. Leo ni makumbusho.

Nguzo zake zinatoka chini moja kwa moja hadi kwenye paa, hazikukatwa ghorofani. Zimeungwa na boriti kwa ndimi na vigingi vya mbao.

Lakini kilichonigusa ni kuta. Katika nyumba za namna hii, kati ya nguzo na nguzo husukwa fito, kisha hukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Mtu wa Muheza kama mimi hahitaji maelezo zaidi. Kwetu nyumba hiyo ni ya kuvumilia tu mpaka upate hela ya tofali. Huku Ujerumani, mwenye nyumba ya kale kama hii akitaka kubadili hata dirisha, sharti aombe kibali.

Wala udongo wao si wa ajabu. Wanachofanya ni kuzuia maji. Mtaa wa pili nilimkuta fundi akikarabati nyumba nyingine. Nguzo moja ilikuwa imeoza chini, kiasi cha goti. Akaikata pale uozo ulipoishia, akachonga kipande kipya cha mwaloni, akakipachika na kukikaza kwa vigingi. Sehemu nzima ya juu, iliyokwisha kuwa nyeusi kwa umri, hakuigusa.

Na si kwamba mji huu ulitunzwa siku zote. Enzi za Ujerumani Mashariki nyumba nyingi ziliachwa zioze, nyingine zikabomolewa. UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1994. Mji Mkongwe wa Zanzibar ukafuata 2000, Lamu 2001. Orodha ni ileile, lakini Desemba 25, 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka na kuua watu wawili. Bado inaniuma.

Kwa hiyo wenzangu wa ughaibuni, kabla hamjatuma hela ya kubomoa nyumba ya babu ili ijengwe ya kisasa, tumeni kwanza ya kuziba paa. Halafu mtafuteni fundi mzee azikague nguzo moja moja.