Gurami Wadogo Walipotaga

Nilikuwa nimewafuga gurami wa aina ya Trichopsis pumila kwa ajili ya kuwatazama tu, hadi sauti zao ziliponitia hamu ya kuwazalisha. Samaki hawa wa Kusini-Mashariki mwa Asia hawazidi sana sentimita 4, nao, dume kwa jike, hutoa mkwaruzo kwa kuvuta kano za mapezi ya kifuani, mkwaruzo unaosikika hata nje ya kioo chumba kikiwa kimya.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumtambua jike, kwani kwa kutazama tu wanafanana mno. Nilimweka kila samaki katika chombo chembamba cha kioo na kuwasha tochi upande wa nyuma. Kwa kuwa miili yao hupenyeza mwanga, niliona chini ya kibofu cha hewa cha baadhi yao pembetatu ya manjano hafifu iliyochongoka kuelekea mkiani: hiyo ndiyo ovari.

Jozi niliyoichagua niliihamishia kwenye tangi dogo lenye maji ya kina cha sentimita 15 na joto la nyuzi 27, lisilo na mkondo wa kuvuruga mapovu. Dume alijenga kiota chini ya jani pana, kiota duni kwa kweli, cha mapovu machache ambayo mfugaji wa beta, samaki wa jamaa yao wanaojenga viota vya mapovu, angeyacheka. Baada ya kukwaruzana na kuzungukana kwa muda mrefu, alijikunja kumzunguka jike, na walipoachana yakatoka mayai yaliyoshikamana kama kitonge. Dume akayadaka kwa mdomo na kuyatemea kwenye mapovu. Walirudia hivyo mara nyingi, kisha dume akaanza kumfukuza mwenzake, nami nikamtoa jike.

Mayai yalianguliwa upesi. Vifaranga walining'inia mikia chini, na kila aliyedondoka alirudishwa na baba yake, ambaye nilimwondoa walipoanza kuogelea wenyewe. Hapo ndipo ugumu ulipoanza, maana midomo yao ni midogo mno kuweza kumeza hata atemia (vijikamba vidogo vya maji ya chumvi) waliotoka kuanguliwa. Niliwalisha vijidudu vya majini nilivyokuwa nimeviotesha mapema kwenye mtungi wa majani yanayooza. Wapo wanaotumia kiini cha yai kilichochemshwa. Mimi sikipendi, kwa kuwa mabaki yake huchafua maji haraka kuliko vifaranga wanavyoweza kukila.

Jambo nililolisimamia kwa ukali zaidi lilikuwa kifuniko. Kifaranga wa gurami huanza maisha akitegemea matamvua peke yake. Labirinthi, yaani kile kiungo cha vipande vyembamba vya mfupa vilivyokunjamana juu ya matamvua na kufunikwa ngozi yenye mishipa mingi ya damu, hukua wiki kadhaa baadaye, na ndipo anapoanza kupanda juu kuvuta hewa. Hewa hiyo ikiwa baridi au kavu, wengi huweza kufa katika kipindi hicho, kwa hiyo niliacha kioo cha juu kimebana na sikukubali mtu yeyote akifunue kwa ajili ya kuchungulia.

Wengi wao walivuka kipindi hicho. Kufikia hapo walikuwa wakila atemia bila shida, matumbo yao yakigeuka rangi ya chungwa kila baada ya mlo, na wakubwa wakaanza kuwanyang'anya wadogo chakula, hivyo nikalazimika kuwatenganisha kwa ukubwa katika matangi mawili.